Mbili za Akiba

Mwaka ule Placidius alichoka hadi akawa anashika kikombe cha uji kwa mikono miwili, na bado moyoni alijiona mvivu. Asubuhi magoti yake yalilia kabla jogoo hajawika. Usiku alijigeuza kitandani kama chapati, na usingizi ulipofika, ulifika kwa kuchungulia tu kisha ukaenda zake. Mkewe Avelina alimtazama akihangaika na vifungo vya shati, akaendelea kumenya ndizi. Walikuwa wameoana miaka ishirini, na alishajua kwamba mwanamume aliyechoka na asiyetaka kukubali ni wa kuachwa kwanza.

Alikuwa na miaka arobaini na minne, mkulima wa migomba na kahawa hapa Kituntu, Mlutheri asiyekosa ibada, na mwenye mkanda wa bluu wa karate. Hilo la mwisho ndilo lililowashangaza wageni. Karate ililetwa kwetu na bibi shamba. Jovitha ni mtu wa Muleba, alipangiwa kata yetu kama afisa kilimo, akakuta ghala la zamani la kahawa limebaki na popo na harufu ya maganda. Akaomba ufunguo, akafagia siku mbili, akaanza kufundisha jioni za Jumanne na Jumamosi. Wanafunzi walikuwa kumi na mmoja, wote watu wazima wenye kazi zao: waendesha bodaboda, walimu wa shule ya msingi, mwinjilisti mmoja mwenye kitambi, na Placidius.

Ndani ya ghala Placidius humwinamia mwanamke mdogo kwake kwa miaka kumi na mmoja, akamwita sensei, yaani mwalimu. Nje ya mlango Jovitha huvaa viatu vyake na kusema, "Shikamoo, Baba Kemirembe," naye Placidius huitika marahaba. Hakuna aliyeona ajabu. Kila mahali na adabu zake.

Lakini si karate iliyomchosha Placidius. Kilichomchosha ni beseni.

Ieleweke hivi. Kitongoji chetu kiko bondeni na barabara ya gari iko juu mlimani. Bodaboda tunazo, ila mgonjwa asiyeweza kukaa hapandi bodaboda, na mvua ikikolea hata mzima hapandi. Ndiyo maana engozi haijastaafu mpaka leo. Ni machela ya kusuka yenye kingo, iliyofungwa kwenye miti miwili mirefu. Wanaume wanne huibeba mabegani, wawili mbele na wawili nyuma, na wengine hufuata ili kuwapokea waliochoka. Kila kaya hutoa mtu. Anayepanga nani ashike wapi ni Mzee Kashaija, na hupanga kwa kunyoosha kidole tu, maana mzee wetu yule maneno yake ni machache kuliko meno yake, na meno yenyewe hayazidi tisa.

Heshima iko mbele. Wa mbele ndiye anayechagua pa kukanyaga, na wenzake wote hukanyaga kwa macho yake. Placidius alishika mbele, upande wa kulia, kwa miaka tisa. Bega lake lilikuwa na sugu, na sugu hiyo aliipenda, ingawa hangemwambia mtu.

Halafu ikaja Aprili ya Vestina.

Vestina ni jirani, nyumba yake iko nusu ya mlima. Siku hiyo uchungu wa kujifungua ulimkamata nyumbani kwa mama yake, huku chini, na ukagoma kusonga mbele. Filimbi ya engozi ililia saa tatu asubuhi. Placidius alikuwa amekwisha kupiga pushapu mia na kuchuchumaa na kuinuka mara mia, kisha akanyanyua vyuma vyake, kwa sababu mtihani wa mkanda ulikaribia. Vyuma vyenyewe vilikuwa bomba la maji lililochomekwa makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege, lakini uzito ni uzito. Alipoingiza bega chini ya mti, miguu yake ilikuwa tayari inamdai usingizi.

Njia ilikuwa utelezi mtupu. Walipofika kwenye jiwe jeupe, pale mlima unaposimama wima, Kashaija aliuliza, "Placidius, tukupokee?"

"Bado, mzee."

Wakapanda kidogo. "Tukupokee?"

"Bado."

Mara ya tatu alitikisa kichwa tu. Aliona haya. Nyuma yake alikuwa Celestin, mtu mwembamba anayekohoa kila msimu wa vumbi, akisubiri kupokea. Yeye, mtu wa karate, apokewe na Celestin? Hatua kumi baadaye goti lake lilikunjika lenyewe, bila kumwomba ruhusa. Engozi ikainama, Vestina akateleza, na paji lake la uso likagonga jiwe.

Mtoto alizaliwa salama jioni ile ile. Vestina alishonwa nyuzi tano juu ya jicho, akarudi nyumbani, wala hakumlaumu mtu. Hilo ndilo lililomuumiza Placidius kuliko lawama. Kila Jumapili Vestina humsalimu nje ya kanisa kwa tabasamu, na kila akitabasamu lile kovu hupanda pamoja na nyusi.

Filimbi ilipolia tena, wiki tatu baadaye, kidole cha Kashaija kiliuruka mti wa mbele, kikauruka wa nyuma, kikashuka hadi kwenye beseni. Kila mgonjwa ana beseni lake: kanga mbili, chupa ya chai, sabuni, kikombe. Kwa kawaida hubebwa na shangazi. Siku hiyo lilibebwa na mwanamume ambaye mabega yake yalitosha mlango mzima, beseni la plastiki lenye maua mekundu, mlima wote mpaka barabarani. Haukupita mwezi wakaanza kumwita Beseni. Wenye adabu walisema nyuma ya mgongo wake, na wasio na adabu walisema kilabuni akiwepo.

Kashaija hakutoa maelezo na Placidius hakuuliza. Alijipa jibu mwenyewe: wameniondoa kwa sababu ni dhaifu. Basi dawa ilikuwa moja. Akaongeza vyuma. Akayaweka kando makopo madogo, akajaza zege kwenye ndoo za lita kumi, akawa ananyanyua kila alfajiri, siku saba za wiki, Jumapili kabla ya ibada. Alitaka kitu kimoja tu duniani, kidole kile kinyooke tena kuelekea mti wa mbele. Mwaka mzima ulipita hivyo. Wagonjwa wanne walipanda mlima, na mara zote nne Placidius alifuata nyuma na beseni.

Ajabu ni kwamba kadiri alivyonyanyua, ndivyo alivyozidi kupungua. Mikono ilikonda. Mafua hayakumtoka. Ghalani alikuwa mzito, ngumi zake zinafika mtu akishaondoka. Jumamosi moja ya mwezi wa tano Jovitha alimpiga kifuani mara tatu mfululizo kwa pigo lile lile, pigo ambalo zamani Placidius alilizuia huku akiwaza mambo ya shamba. Wenzake walipoondoka, alimbakiza.

"Nyoosha mikono, vidole wazi. Fumba macho."

Vidole vilitetemeka. Placidius aliviamuru vitulie, navyo vikazidi.

"Unalala?"

"Kidogo, sensei."

"Vyuma unanyanyua mara ngapi kwa wiki?"

"Kila siku," alisema, na sauti yake ilikuwa na majivuno kidogo, ya mwanafunzi aliyefanya hesabu zote za kitabu.

Jovitha alikaa chini kwenye saruji. "Nani alikudanganya kwamba misuli hujengwa wakati wa kunyanyua? Ukinyanyua unaibomoa kidogo. Inajengwa ukishakula na ukilala. Wewe unabomoa kila alfajiri, na kabla fundi hajafika na mwiko, umeshabomoa tena." Akampa daftari. Vyuma mara mbili tu kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi. Karate Jumanne na Jumamosi. Siku zilizobaki ni mapumziko. "Uandike kila kitu. Kila kitu, Placidius. Mkanda wa kahawia sitakupeleka kuufanyia mtihani mpaka daftari hili liniridhishe."

Aliandika. Mwandiko wake ni mzuri, alisoma hadi darasa la saba enzi ambazo mwandiko ulichapiwa fimbo. Jumatatu, vyuma. Jumanne, karate. Jumatano, mapumziko. Ila uchovu haukusogea hata inchi, na baada ya wiki tatu alianza kumshuku bibi shamba, pengine ujuzi wake unaishia kwenye mimea.

Jumatano moja Jovitha alipita shambani kwake kukagua mnyauko wa migomba. Alimkuta Placidius akitoka zizini na tenga la samadi kichwani, shingo imekaza, jasho linachuruzika mpaka kwenye mkanda wa suruali.

"Shikamoo, Baba Kemirembe."

"Marahaba, bibi shamba. Karibu sana."

"Leo si siku ya mapumziko?"

"Ndiyo," alisema Placidius chini ya tenga. "Napumzika."

Jovitha alilitazama tenga. "Hilo ni la ngapi tangu asubuhi?"

"La kumi na moja. Lakini hili si zoezi. Hii ni samadi."

"Jana baada ya karate ulifanya nini?"

"Nilipasua kuni kidogo."

"Ijumaa?"

"Mashimo ya migomba. Kumi na mawili. Udongo mwenyewe laini."

"Mbona hayamo kwenye daftari?"

Placidius alishangaa kweli. "Sensei, niandike kulima? Nikianza kuandika kulima, si nitaandika na kupumua?"

Na hapo hakuwa anafanya mzaha. Huku kwetu kulima hakuhesabiwi. Mtu aliyelima kutwa akiulizwa jioni amefanya nini leo, hujibu "hakuna", na anasema kweli yake. Zoezi ni lile unalolifanya kwa kuvalia bukta. Siku Placidius alizoziita za kupumzika ndizo zilizokuwa na mizigo mizito kuliko zote, na hakuna aliyewahi kumwambia, maana sisi sote tungehesabu vile vile.

Jovitha hakucheka, ingawa wengine tulipokuja kusikia tulicheka hadi tukakaa chini. Aliweka mkono kwenye shina la mgomba lililokuwa karibu. "Hapa umeacha migomba mingapi?"

"Mitatu. Mama, mtoto, mjukuu."

"Machipukizi mengine?"

"Nimeyang'oa."

"Kwa nini usiache yote saba yakue? Si ndiyo migomba mingi?"

"Aa, bibi shamba, nawe!" Placidius alikasirika, kwa sababu aliulizwa jambo ambalo hata mtoto wa Kituntu halikosei. "Ukiacha saba yote inakonda. Utapata majani, mkungu hupati."

Jovitha alisimama tu pale, mkono kwenye shina, akimtazama. Na polepole, akiwa na samadi kichwani, Placidius alisikia alichokisema mwenyewe.

Alilitua tenga. Akakaa juu ya kisiki, na uchovu wa mwaka mzima ukamshukia kwa mara moja, ukamjaa mpaka kwenye taya. Alitaka kulia, akalia kidogo, akijifanya ni jasho. Kisha akamweleza Jovitha habari ya Vestina, ya jiwe jeupe na ya beseni. Jovitha anaishi juu, makao makuu ya kata. Beseni alikuwa hajalisikia.

"Mambo ya engozi siyajui, na siwezi kukuahidi," alisema alipomaliza kusikiliza. "La mwili nalijua. Kuanzia leo siku ya samadi ni siku ya vyuma. Ukibeba hiki, hicho unakiacha. Na ukinyanyua, usinyanyue mpaka mwisho. Ukihisi bado una uwezo wa kuinua mara mbili tu, simama. Hizo mbili ziache."

"Niziache wapi?"

"Mwilini. Akiba haiozi. Siku ikija usiyoipanga, utazikuta." Akainuka, akapangusa sketi. "Na unakula nini?"

"Ndizi."

"Na nini?"

"Na maharage, yakiwepo."

"Mayai?"

"Mayai ni ya gulio," alisema Placidius, na kutoka jikoni Avelina akaitikia, "Ni ya gulio, ndiyo."

Jioni hiyo, hata hivyo, Avelina alileta sahani mbili mezani, kila moja na mayai mawili ya kuchemsha. Placidius alisogeza mkono kuelekea sahani zote. "Moja ni yangu," alisema mkewe. "Maji ya nyumba hii yanapanda kutoka mtoni miaka ishirini. Unadhani yanapanda kwa miguu yake?" Placidius alirudisha mkono. Walikula kila mtu mayai yake, na Avelina alikuwa na haki.

Kupumzika kulimchosha kuliko samadi. Mwanamume kulala juu ya mkeka saa tisa mchana, jua linawaka, jembe limeegemea ukuta! Waliopita njiani walisimama. Mmoja alileta pole. Mwingine alimuuliza Avelina kwa sauti ya msibani kama wameshampeleka mgonjwa kupima.

"Haumwi. Anajenga," alisema Avelina.

"Anajenga nini?"

"Mabega."

Kilabuni walicheka juma zima. Beseni sasa anajenga akiwa amelala. Placidius alisikia, akageukia ukutani. Alikuwa amerudia makopo madogo ya mwanzo, nayo yalimtia aibu kuliko kicheko. Kila yalipozoeleka alifungia jiwe dogo kila upande kwa kamba ya katani, jiwe la ukubwa wa yai, halafu lingine. Baada ya wiki tatu za kuongeza, Jovitha alimtaka wiki ya nne apunguze. Placidius aliona ni kama kupanda mlima kwa kurudi nyuma, ila alipunguza. Alikuwa amechoka mno kubishana.

Kufikia Agosti kikombe cha uji alikishika kwa mkono mmoja. Hakuna aliyeona isipokuwa Avelina. Septemba alifanya mtihani, akapata mkanda wa kahawia, akarudi nao ukiwa umekunjwa mfukoni. Alikuwa akiwaza ataonyesha nani kwanza alipokutana na wabebaji wakikusanyika kwa ajili ya mjomba wa mwinjilisti. Kidole cha Kashaija kikamwendea moja kwa moja. Beseni.

Usiku huo hakula. Alikuwa na nguvu sasa, alijua anazo, lakini hazikuwa na mahali pa kwenda. Alifikiri kuacha yote, karate na daftari. Asubuhi akaamka, akanyanyua makopo, akabakiza mbili, akaandika, kwa sababu ilikuwa Alhamisi.

Novemba mvua zilishuka pamoja na senene, wale panzi wetu wa kukaanga. Msimu wa senene wanaume wa kwetu hawalali. Wanakesha kwenye mitego ya mabati na taa, na asubuhi wanatembea kama walioroga usingizi wao wenyewe. Placidius hakwenda, daftari lilisema alale. Asubuhi ya Ijumaa, saa moja na nusu, filimbi ililia karibu kuliko ilivyozoeleka. Mgonjwa alikuwa Kashaija. Mzee aliteleza nyuma ya nyumba akifukuza mbuzi kwenye kahawa, na paja likavunjika.

Mhudumu wa afya wa kitongoji alikuwa amempa vidonge vya maumivu na kulifunga paja kwa mbao. Wabebaji walifika wanane, macho mekundu, mabawa ya senene yamenata kwenye masweta. Kashaija alilazwa kwenye engozi, akafunikwa blanketi, na toka ndani ya blanketi kidole kikatoka, maana hata kwa paja lililovunjika hakuna mwingine wa kupanga. Kilipanga wa nyuma wawili. Kilipanga wa mbele kushoto. Kikaelekea kwa Celestin, mbele kulia.

"Mzee, nisamehe," alisema Celestin. "Nimekesha. Nipe nipumue kwanza, nitapokea huko juu."

Kidole kilizunguka. Kilimpita huyu, kikamrudia yule, kikasita. Placidius alikuwa ameshainama kuchukua beseni, kwa mazoea.

"Weka hilo," alisema Kashaija.

Placidius aliliweka. Celestin akaliokota. Mwaka mmoja na nusu Placidius alikuwa ameisubiri saa hiyo, na ilipofika hakusikia furaha yoyote, alisikia woga tu. Aliingiza bega chini ya mti, sugu ikakuta mahali pake. Walipoinuka pamoja aliona vidole vya mzee vikitoka kwenye blanketi na kushika ukingo wa engozi, huku na huku, vikashika kwa nguvu mpaka kucha zikawa nyeupe.

Wakaanza kupanda. "Mpora, mpora," aliita wa nyuma, polepole, na Placidius akachagua pa kukanyaga: kwenye mzizi, kwenye nyasi, kamwe si kwenye udongo mwekundu unaong'aa. Pumzi aliivutia puani kama ghalani. Mvua ya manyunyu iliwalowesha. Katikati ya mlima Vestina alitoka mlangoni kwake, mtoto mgongoni, akasimama akitazama. Alipotambua nani yuko mbele, mkono wake ulipanda juu ya jicho. Labda alikuwa anakinga mvua. Placidius alitazama chini, akahesabu hatua.

Jiwe jeupe lilipotokea, mwili wake ulikuwa mzima. Bega linawaka, sawa, mapaja yana moto, lakini magoti yalikuwa yake. Juu, ukingoni mwa barabara, paa za maduka zilianza kuonekana. Watu wangekuwepo barazani, wale wale wa kilabuni. Angetokeza mbele yao na mti begani, Vestina akiona kwa nyuma, na jina la Beseni lingekufa asubuhi hiyo hiyo. Aliupima mwendo uliobaki kwa miguu yake. Angefika. Alikuwa na uhakika angefika, na angefika akiwa amemaliza kila kitu.

Hakuna aliyemuuliza kama apokewe. Aliyezoea kuuliza alikuwa amelala chali ndani ya engozi, ameshika kingo.

"Nipokeeni," alisema Placidius.

"Umeumia?" aliuliza Celestin.

"Hapana. Nipokee."

"Lakini kaka, si pale tu? Tumefika."

"Nipokee nikiwa bado nazo."

Celestin alimpa beseni, akajipenyeza chini ya mti, bega kwa bega, mmoja akaingia na mwingine akatoka, na engozi haikutikisika hata kidogo. Wakasimama wote wanne kuvuta pumzi, na sauti ikatoka kwenye blanketi.

"Nani ameomba?"

"Ni Placidius, mzee," alisema Celestin.

Placidius alikuwa amesimama ubavuni mwa engozi, na aliona vidole vya Kashaija vikiachia ukingo kimoja kimoja, mkono wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, na mikono yote miwili ikarudi ndani ya blanketi.

"Haya," alisema mzee. "Sasa naweza kulala."

Kabla hawajafika barabarani alikuwa anakoroma. Placidius alitembea kando yake, beseni la maua mekundu mkononi, akikunja blanketi lisiburuze matopeni, akisubiri zamu yake nyingine.